Sufuria irudishe kabatini kwanza

Sahibu yangu,

Salamu sana, wewe na wote nyumbani. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini leo sina budi kuandika, maana shemeji kanidokeza kwamba umepania kuiyeyusha ile sabuni ya kunyolea ya mzee, Mungu amrehemu, ili ikae vizuri kwenye bakuli. Nakusihi, usiibandike motoni kabla hujamaliza kusoma.

Sabuni ile imesagwa kiwandani. Huikausha, huipitisha katikati ya rola mara kadhaa, kisha huishindilia kwa mashine mpaka inashikamana. Maji yaliyobaki ndani yake ni machache mno, ndiyo maana ni ngumu na inakaa sana. Ukiipasha moto haitiririki kama nta ya mshumaa. Inakuwa rojo lenye mabonge, chini inaungua na juu bado ngumu. Mwalimu, jirani yetu, alijaribu kuiyeyusha yake, uliiona mwenyewe ilivyotoka. Na maikrowevu ndiyo usiguse kabisa, humo inaweza kufura na kumwagika.

Zipo sabuni za kuyeyusha, zile za gliserini, ambazo nyingi hupitisha mwanga. Hizo unaziweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, unakoroga polepole zisifanye povu, unamimina. Ya mzee ni nyeupe pee, haipitishi mwanga, tena imesagwa. Si ya kundi hilo.

Fanya hivi. Ikwaruze kwa kifaa cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu madogo. Chukua maji ya uvuguvugu, nyunyizia matone tu, changanya kwa vidole, funika, iache ipumzike. Ukirudi, minya kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada: ikishikana na alama ya kidole ikabaki juu yake, iko tayari. Ikiteleza, maji yamezidi. Iache wazi ipungue unyevu. Hapo ndipo watu wanapoharakisha. Sabuni za kunyolea nyingi zina potasiamu pamoja na sodiamu, na ile ya potasiamu hunywa maji upesi, kwa hiyo matone machache yanatosha sana.

Kisha shindilia bakulini tabaka kwa tabaka, ukianzia katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Usijaze mpaka mdomoni, brashi inahitaji nafasi ya kuzunguka. Iache mahali penye hewa siku kadhaa. Itasinyaa kidogo na kuachana na kingo, hilo lisikutie wasiwasi, ni maji yanayotoka. Igandamize tena basi.

Narudi palepale kwenye moto, nisamehe. Kinachoniuma zaidi si kuungua, ni harufu. Manukato huruka na joto, na nijuavyo mimi, harufu ile ndiyo unayoitaka, ile tuliyokuwa tukiisikia asubuhi mzee akitoka bafuni na taulo begani. Sabuni nyingine utanunua wakati wowote. Hiyo, kipande ni kimoja.

Halafu yale mambo ya shamba, tutaongea ukija, si ya kuandika.

Sasa niambie: bakuli ulilopata ni la kauri au la bati? Kama ni la bati, lina kutu? Mdomo wake ni mpana, au brashi itabanwa? Na brashi yenyewe ya mzee bado unayo, nywele hazijaanza kung'oka? Kipande kilichobaki kinajaa kiganja, au kimeshakuwa kijigamba? Kama ni kidogo hivyo usihangaike na bakuli, kiviringishe kiwe kijiti cha kupaka moja kwa moja usoni, sawa? Na ndugu zako wanajua unaigusa, au wana lao la kusema?

Nijibu kabla ya Jumamosi.

Nduguyo