Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2024 wa NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani)

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mechi za Jumapili, nyama choma ya Septemba, michango ya misiba miwili. Zote zilifanyika, na nawashukuru walioshiriki.

Nije kwenye Kombe la Usajili Bora, tunalolitoa kwa timu iliyosajili vizuri kuliko zote mwaka huo, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi. Kamati ilifungana kura tatu kwa tatu kati ya Houston Texans, timu ya mji wetu, na Philadelphia Eagles. Katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi, nami nikaipa Eagles. Kwa hilo nimeitwa msaliti wa Houston. Mimi ni shabiki wa Texans tangu nihamie mji huu, na kura ile iliniuma kuliko mnavyodhani.

Tazameni wenyewe. Texans walitoa chaguo la raundi ya pili la drafti ya 2025 (drafti ni zamu za timu kuchagua wachezaji wapya wa vyuo) wakamchukua mdaka pasi Stefon Diggs kutoka Buffalo. Alicheza mechi 8, akadaka pasi 47, kisha Oktoba kano ya goti ikachanika tulipocheza na timu ya Colts. Machi 2025 akaenda timu ya New England. Chaguo limekwenda, na mchezaji naye kaondoka. Eagles walimsajili mkimbiaji Saquon Barkley akiwa mchezaji huru, yaani aliyemaliza mkataba, miaka 3 kwa dola milioni 37.75, bila kutoa chaguo lolote. Akakimbia yadi 2,005, na timu ikatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, kwa 40–22.

Mnasema jeraha ni bahati mbaya. Nakubali. Lakini Giants, waliomwacha Barkley huyo huyo aondoke, walimleta mlinzi Brian Burns kwa kubadilishana na machaguo ya drafti, wakampa mkataba wa dola milioni 141, wakaambulia ushindi 3 na vipigo 14. Titans walimleta mlinzi L'Jarius Sneed kwa njia hiyo hiyo: nao 3–14. Nyota wa namna hii hulipiwa mara mbili, kwanza kwa chaguo, halafu kwa mkataba mnono. Mjumbe mmoja alinikumbusha kuwa mdaka pasi A.J. Brown naye alifika Eagles kwa kubadilishana. Ni kweli, ila ilikuwa 2022, na kombe letu linapima mwaka mmoja. Hata hapa nyumbani, mlinzi Danielle Hunter alikuja Texans akiwa huru kwa dola milioni 49, miaka 2, akawaangusha makotabeki (warusha pasi wa wapinzani) mara 12. Hilo hakuna aliyelitaja kikaoni ila mimi.

Usiku wa fainali, Cooper DeJean wa Eagles aliinasa pasi ya Mahomes, kotabeki wa wapinzani, akakimbia nayo hadi mwisho, siku yake ya kuzaliwa. Kijana huyo ni chaguo la raundi ya pili, aina ile ile tuliyomtolea Diggs. Niligeuka nione nyuso zenu, ukumbini tulikuwa 19 kati ya wanachama 64. Masufuria mawili ya pilau niliyopika na mke wangu tangu alfajiri yalirudi nyumbani karibu yamejaa. Wengi wa wanaolalamikia kura yangu hawakuwepo.

Ada ni dola 60. Waliolipa ni 23, jumla dola 1,380. Ukumbi na matangazo vimegharimu 1,620. Pengo la 240 nimeliziba kwa mfuko wangu, na risiti ninazo.

Mwaka ujao tunatarajia ukumbi mkubwa zaidi na siku ya watoto, Mungu akipenda. Kikao cha kwanza, mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti