Shemeji, kuhusu hiyo shule yenu ya kimataifa

Shemeji yangu, habari za huko Shangani.

Ile PDF ya mpango wa shule mnayotaka kuifungua hapa Mtwara nyie wazazi watano, uliyoitupia kwenye grupu la familia, nimeisoma yote mpaka mchoro wa bwawa la kuogelea. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu hamko peke yenu, hapa Mtwara haikosi kundi la wazazi limekaa jioni linapiga hesabu ya ada za Dar, bweni, nauli, halafu mmoja anasema jamani si tufungue ya kwetu tu. Na siwalaumu. Kumpakia mtoto wa miaka saba kwenye basi ukaja kumuona likizo, hata mimi roho ingeniuma, na dada amenililia sana kwa hilo.

Ila bajeti yenu mmeiandika kama vile shule ni ya watoto wenu tu. Mmejihesabu waanzilishi, mkaongeza kundi mmeliita "familia za sekta ya gesi", mkagawanya gharama ikakaa vizuri. Hizo familia umeziona wapi mwaka huu? Nyie mmekuja na kiwanda cha saruji, sie tuliokuwepo tunakumbuka ile 2012, 2013, nyumba za Shangani zinapangishwa kwa dola, viwanja vya Mikindani watu wananunua kwa simu bila hata kuviona, halafu 2015 bomba la gesi likafika Dar na wale wa ujenzi wakafunga mizigo yao. Gesi ipo, visima vya Mnazi Bay vinatoa na mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba inafanya kazi, lakini mtambo ukishajengwa unaendeshwa na watu wachache. Na huo mradi wa LNG, yaani wa kuigeuza gesi iwe kimiminika, wa Likong'o kule Lindi tunausikia miaka nenda rudi, siku wakianza kweli mtaongeza madarasa, kwa sasa msihesabu ada za watoto ambao baba zao hawajaajiriwa bado.

Kwenye utangulizi mmeweka mfano wa Geneva. Kweli, shule ya kimataifa ya kule ilianzishwa 1924 kwa ajili ya watoto wa maofisa wa Ushirika wa Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Lakini Ushirika wa Mataifa ulivunjwa 1946 na shule ipo mpaka leo, iko chini ya taasisi yake yenyewe, hakuna mzazi anayeimiliki. Au angalieni hapa hapa kwetu, shule ya kimataifa ya Moshi ilianza 1969 kwa sababu ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, na hospitali ya rufaa haifungi mizigo bei ya gesi ikishuka. Sasa Mtwara kitu kisichohama ni kipi? Ni korosho bwana, na kwenye PDF nzima korosho haijatajwa hata mara moja, nimetafuta.

Hapo ndo nina ugomvi na kalenda yenu. Mnataka kufungua Agosti ili mwende na shule za nje. Shemeji, Agosti! Mwenye mikorosho Tandahimba au Newala mwezi huo mfuko umekauka, ametoka kwenye palizi, anamlipa kijana wa kupuliza salfa, na deni la duka liko palepale. Hela inaanza kuingia minada ikifunguliwa Oktoba, nayo inapitia chama cha msingi, kuna miaka inachelewa mpaka watu wanagombana na makarani. Wenye maduka, wenye malori, mama wa vitenge pale sokoni, wote pumzi yao iko hapohapo. Mzazi wa hivi mwambie alipe mwaka mzima Novemba kwa punguzo kidogo atalipa keshi na risiti ataiweka vizuri, ila ukimdai Agosti atakukwepa, na si kwamba hana uwezo. Kwa hiyo mhula uanze Januari kama shule zingine zote nchini, yaishe.

Mtaala nao. Mmesema mtaala wa Cambridge wa Uingereza mpaka darasa la sita, halafu mtoto aende wapi? Sekondari ya mfumo huo hapa mjini hakuna, itabidi apelekwe Dar, yaani lile basi mlilolikimbia analipanda akiwa na miaka kumi na moja. Na watumishi wa serikali je? Afisa wa mkoa anaweza kuhamishiwa Singida katikati ya mwaka, atamtoaje mtoto kwenu akaingie shule inayofuata mitihani ya taifa ya NECTA? Hatamleta kabisa. Anzeni ingilishi midiamu ya kawaida, mtaala wa taifa, mitihani ya taifa, walimu wazuri wenye Kiingereza cha kueleweka mkawalipa kwa wakati (mwalimu mgeni ni kibali cha kazi, kibali cha kuishi, leseni ya kufundisha, huyo mmoja tu atawamalizia hela ya madawati). Halafu Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 imeshasema msingi ni miaka sita, nyie kwenye ramani mna vyumba vya darasa la saba, mikondo miwili. Nani aliwachorea?

La mwisho ndo linaninyima usingizi zaidi. Mmiliki mmeandika majina yenu watano. Najua Kamishna wa Elimu lazima amjue mmiliki na meneja kabla ya kusajili, lakini mmiliki si lazima awe mtu, sajilini kampuni yenye ukomo wa dhamana, isiyo na hisa wala kugawana faida, iwe ndo mwenye shule. Kitinda mimba wako akimaliza, kweli utaendelea kuja kwenye bodi kujadili vyoo vya watoto wa watu? Mmoja wenu akihamishwa, akifariki, akiachana na mkewe, fungu lake la shule linakuwa la nani? Muulizeni mwanasheria hilo kabla hamjamlipa fundi hata tofali.

Jumapili kwenye kikao sitakuwepo, nina harusi Masasi. Nitumie rasimu ya katiba ya shule wasap niipitie njiani, na mchango wangu nautoa mkishafuta hilo bwawa.