Barua ya wazi kwa vijana wangu mliotundika daluga na sasa mnataka ukocha

Wanangu, salamu. Nasikia kila mmoja wenu anataka ukocha, na sio ukocha tu, ukocha mkuu, tena wa timu ya Ligi Kuu, kisa enzi zake alikuwa na jina. Haya, ngoja niwape habari za Mserbia mmoja, Siniša Mihajlović, maana wengi mnamjua kwa kupiga faulo tu basi.

Jina alikuwa nalo bwana. Mzaliwa wa Vukovar, 1991 kabeba Klabu Bingwa Ulaya na Red Star Belgrade pale Bari, Marseille wakalala kwa matuta na tuta lake akaweka. Akaenda Italia akacheza Roma, Sampdoria, Lazio mpaka Inter, akafunga faulo 28 kwenye Serie A, ligi kuu ya kule, na Desemba 1998 akiwa Lazio aliwapiga Sampdoria, timu yake ya zamani, hetitriki ya faulo tupu. Mguu wa kushoto kama ule mimi sijauona tena.

Sasa mtu wa hivyo alipostaafu 2006 akaenda wapi? Akawa msaidizi! Miaka miwili kakaa pembeni ya Roberto Mancini pale Inter, mtu aliyecheza naye Sampdoria na Lazio, mwenzake anatoa maamuzi yeye anaangalia. Nyie mkipewa usaidizi timu ya daraja la kwanza mnaona mmedharauliwa.

Halafu msidhani baada ya hapo mambo yakanyooka. Bologna walimpa timu Novemba 2008, Aprili tu wakamtimua. Akaenda Catania akawanusuru wasishuke, Fiorentina wakamchukua na wao wakamfukuza 2011. Sampdoria aliikuta mkiani akaipandisha mpaka nafasi ya 7 msimu wa 2014/15, ndio Milan wakamuita. Na pale Milan ndio nataka mtulie kidogo, maana Oktoba 2015 alimweka benchi Diego López, kipa mzoefu aliyetoka Real Madrid, golini akasimama mtoto wa miaka 16, Gianluigi Donnarumma, ambaye baadaye akawa kipa mkubwa duniani, na leo kila mtu anajifanya aliliona lile mapema lakini siku ile mtoto angefungwa kizembe angesulubiwa kocha. Aprili 2016 wakamfukuza hivyohivyo, timu iko fainali ya Coppa Italia, kombe la Italia! Sporting ya Ureno ndio kichekesho, 2018 alikaa siku tisa.

Na sitaki mumuige kila kitu. Mwaka 2000 alimtolea Patrick Vieira, kiungo mweusi wa Arsenal, maneno ya ubaguzi, UEFA wakamfungia na ikabidi aombe radhi hadharani, 2003 akamtemea mate Adrian Mutu wa Chelsea akafungiwa mechi nane. Sisi watu weusi hatuwezi kuliruka hilo la Vieira tukijifanya tunasoma soka tu. Hata ukocha alikuja nao ukali uleule, 2012 akiwa timu ya taifa ya Serbia alimfukuza kambini Adem Ljajić kwa kutoimba wimbo wa taifa, kijana wa watu. Miaka minne baadaye wakakutana Torino, kocha yeye, mchezaji Ljajić, wakafanya kazi. Kwa hiyo mkiwa na hasira na mchezaji, semeni yanayosemeka, kesho mtamhitaji.

Bologna walimrudia Januari 2019, timu inaelekea kushuka, akaimalizisha nafasi ya 10. Julai akatangaza ana leukemia, saratani ya damu. Agosti 25, mechi ya kwanza ya ligi kule Verona, kaja benchi amekonda, kofia kichwani, katoka hospitali. Matibabu yakaendelea na akawa anafundisha kwa video kutoka kitandani, na Septemba vijana wake walipotoka nyuma 3-1 wakawapiga Brescia 4-3 basi la timu halikwenda nyumbani, lilikwenda hospitali, wakasimama chini ya dirisha lake wakamuimbia. Wachezaji hawafanyi hivyo kwa sababu ulipiga faulo vizuri zamani.

Klabu ilimwondoa Septemba 2022, Desemba 16 akafariki Roma, miaka 53.

Sasa nyie mliokataa usaidizi msimu huu kwa sababu kocha mkuu mlimzidi kiwango uwanjani, nendeni mkaongee na viongozi kabla nafasi haijachukuliwa, na hizo kozi za leseni za ukocha za CAF acheni kuzikimbia, anzeni na leseni D, ile ya chini, kama wenzenu.

Mzee wenu.