YAH: MALALAMIKO JUU YA MAJINA YA INTANETI MLIYONIUZIA

Kwa Meneja,
Ofisi Kuu, Unguja.

Assalamu alaykum.

Nimejizuia siku nne nisiandike ili hasira ipungue. Haikupungua.

Jumatatu nimeshuka botini kutoka Pemba, stakabadhi zenu mkononi, na kijana wenu wa kaunta akaniambia, watu wanasikia: "Bi mkubwa, rudi ukaanike karafuu, haya ya mtandao huyawezi." Watu wakacheka. Mlango wako, Meneja, ulikuwa wazi.

Hizo karafuu anazozicheka ndizo zilizowalipa milioni moja na laki nane kwa majina sita ya intaneti, yaani anwani za tovuti. Kwenye semina mlituonyesha voice.com, iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Kweli iliuzwa. Lakini hilo ni neno moja la Kiingereza kwenye .com, mliyonipa mimi ni ya maneno matatu yenye vistari, na wala hayamaliziki kwa .com. Stakabadhi yenu imeandikwa "mali ya kudumu". Jina la intaneti hulipiwa kwa mwaka, na hata .com haisajiliwi zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo mmoja. Mlikuwa mnajua.

Na mwezi wa Rajabu mlinipigia simu: yupo mnunuzi Dubai, dola elfu nne, ila anataka cheti cha thamani, na cheti anakitoa mtu wenu tu, laki mbili na nusu. Nikalipa. Mnunuzi akapotea. Mnunuzi gani wa kweli humlazimisha muuzaji anunue cheti kwa mtu mmoja maalumu?

Mpwa wangu aliangalia rejesta ya majina, ambayo yeyote huiangalia bure. Majina manne yameandikishwa kwa kampuni yenu, si kwangu. La tano halikusajiliwa kabisa. La sita lina ndani yake jina la kampuni ya simu, na tangu 1999 zipo kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ambazo mwenye alama ya biashara huzitumia kulidai jina kama hilo. Mliniuzia kesi.

Nilikuja kuuliza hayo tu, na kuomba namba za siri za kuhamishia majina. Yule kijana hakuinua uso kwenye simu yake. Alizisukuma stakabadhi zikaanguka chini, nikainama kuziokota, na hapo ndipo aliponiambia nikaanike karafuu. Mimi ni rika la bibi yake. Aliyenisaidia kuokota ni mama mwenye mtoto mgongoni, mteja kama mimi.

Jumatatu nilitaka majina yangu tu. Sasa siyataki. Nataka fedha zote, pamoja na za cheti na nauli ya boti kwenda na kurudi, na kijana huyo aje Wete aniombe radhi mbele ya watu, kama alivyonidhalilisha mbele ya watu. Nawapa siku saba. Zikipita, stakabadhi hizi zitakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kisha polisi, kisha mahakamani. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa kimeshatenga fedha kuja kwenu; nimeshawasomea barua hii.

Mteja wenu,
Wete, Pemba.