Kesi ya Massaquoi haikuangushwa na sheria

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu kuachiwa huru kwa Gibril Massaquoi, kamanda wa zamani wa waasi wa Sierra Leone aliyeshtakiwa Finland kwa uhalifu wa kivita nchini Liberia, imenikera sana. Mmeandika kwamba kumshtaki mtu katika nchi moja kwa uhalifu wa kivita uliotendeka nchi nyingine ni kazi bure. Mbona Anwar Raslan, afisa wa zamani wa ujasusi wa Syria, alihukumiwa kifungo cha maisha kule Koblenz, Ujerumani, Januari 2022, kwa mateso ya Damascus? Mbona Alieu Kosiah, kamanda wa zamani wa waasi wa Liberia, alipewa miaka 20 kule Bellinzona, Uswisi?

Kesi ya Finland iliangushwa na tarehe. Mahakama ya Tampere ilifunga safari hadi Liberia na Sierra Leone, jambo la kupongezwa. Mashahidi wakayaweka mauaji ya Waterside, Monrovia, katika mwaka 2003, wakati mshtakiwa alikuwa Freetown, katika nyumba ya ulinzi ya Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, iliyoshughulikia uhalifu wa vita vya nchi hiyo. Upande wa mashtaka ukadai alikuwa akitoka kwa siri kwenda Liberia. Majaji wakabaki na shaka, wakamwona hana hatia Aprili 2022. Rufaa nayo ikagonga mwamba Januari 2024.

Shaka ya aina hiyo huzuilika kwenye mahojiano ya kwanza kabisa. Aliyekuwa akikimbia risasi hakushika kalenda. Ukimbana akutajie mwaka, atakutajia wowote alioutaja jirani. Aulizwe kama Charles Taylor, rais wa Liberia wakati huo, alikuwa ameshaondoka, kama mvua zilikuwa zimeanza, mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza kutembea au bado. Asitajiwe jina la mshukiwa kabla hajalitaja mwenyewe. Asioneshwe picha moja peke yake, ichanganywe na za watu wanaofanana naye. Na kila swali lirekodiwe kwa sauti pamoja na jibu lake, kwa sababu muhtasari wa mkalimani aliyechoka ndio wakili wa utetezi atakaousoma mahakamani miaka baadaye, neno kwa neno, ili kuonesha kwamba shahidi amebadili maelezo, kumbe aliyebadilika ni mkalimani!

Halafu kuna hili la lugha. Kule Koblenz, kwenye kesi ya Raslan, ukalimani wa Kiarabu ulikuwapo ukumbini kwa ajili ya wahusika wa kesi, lakini waandishi wa habari wa Syria hawakuruhusiwa kuusikiliza mpaka Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilipoingilia kati, Agosti 2020. Hilo nalo hamkuligusa.

Safari ijayo mwandishi wenu aulize nani alimhoji shahidi kwanza, kwa lugha gani, kama sauti imehifadhiwa, na alioneshwa picha ngapi. Majibu yachapwe, hata kama itabidi kuiondoa picha ya mshtakiwa ili nafasi ipatikane.