Mjomba, jongo bado limo kidoleni

Shikamoo Mjomba,

Nimesikia kidole gumba cha mguu kimetulia, unatembea vizuri, na vidonge vya alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, umeviweka kando kwa kuwa "umepona". Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzio wenye jongo wanaofanya hivyo ni wengi.

Asidi ya yuriki ni taka ambayo figo huitoa kwenye damu. Ikizidi takribani miligramu 6.8 kwa kila desilita ya damu, inaweza kuganda ikawa fuwele, vijisindano visivyoonekana kwa macho, hasa kwenye viungo vyenye ubaridi kama vya vidole vya miguu. Mwaka 1962 madaktari wawili wa Marekani, Faires na McCarty, walitangaza kwamba wamejidunga fuwele hizo magotini mwao wenyewe. Magoti yakavimba, wakaugulia maumivu. (Hata wewe hukuwahi kuutafuta ugonjwa kwa sindano!) Ila namna fuwele zinavyozusha balaa lote lile ilikuja kueleweka vizuri mwaka 2006, kupitia kikundi cha mwanasayansi Jürg Tschopp huko Lausanne, Uswisi.

Iko hivi. Seli za kinga zilizomo kwenye kiungo humeza fuwele kama zinavyomeza vijidudu. Ndani ya seli kuna kipokezi kiitwacho NLRP3. Kikishtuka, huungana na protini nyingine na kuamsha kimeng'enya cha kaspesi-1, nacho hukata protini changa ikawa intalukini-1 beta iliyo tayari kwa kazi. Hiyo hutoka nje ya seli na kupiga mbiu ya mgambo: mishipa ya damu inatanuka na kuvuja, chembe nyeupe zinamiminika, kidole kinakuwa chekundu na cha moto, hata shuka likikigusa ni kilio. Kikundi cha Tschopp kilipotumia seli za panya zisizo na NLRP3, fuwele hazikuweza kuamsha intalukini hiyo ipasavyo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba fuwele peke yake mara nyingi hazitoshi. Ile protini changa lazima iwe imeshatengenezwa, na amri hiyo hutoka kwa vipokezi vingine, kama TLR2 na TLR4 vilivyoko kwenye utando wa seli. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba asidi za mafuta zikikutana na fuwele huweza kuichochea TLR2. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na fuwele kimya muda mrefu, kisha akala na kunywa sana, na usiku huohuo asilale.

Shambulio huisha lenyewe kwa wiki moja au mbili. Chembe nyeupe zinapokufa hutoa nyuzi zinazoshikamana na kunasa vichocheo vya uvimbe. Fuwele zinabaki palepale.

Kwa hiyo Mjomba, kolchisini, ile dawa ya shambulio uliyopewa, inatuliza chembe nyeupe tu. Asidi haishuki hata kidogo. Alopurinoli ndiyo inayoishusha, na asidi ikikaa chini ya miligramu 6 kwa desilita fuwele huyeyuka polepole, kazi ya miezi hadi miaka. Miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kurudi kwa sababu fuwele zinavurugwa, hivyo madaktari huongeza kolchisini kidogo kama kinga. Usijipangie dozi mwenyewe, figo zako zikaguliwe kwanza. Rudi kliniki ukamwambie daktari ukweli kwamba uliacha dawa, na umuulize asidi yako imefika ngapi. Ukipenda nikusindikize, nijulishe tu.

Mpwa wako