Kabla ya kinu cha Siaya, nani atahesabu nyutroni?

Mhariri,

Kila kinapotajwa kinu cha nyuklia kinachopangwa kujengwa Siaya, mjadala huku Kisumu huishia kwa samaki wa ziwa: watakufa, hawatakufa? Mimi nina swali lingine. Nyutroni, zile chembe ndogo za ndani ya atomu zinazotoka kwenye fueli ya nyuklia, zitahesabiwa na nani, kwa chombo gani?

Nauliza kwa sababu niliwahi kuzihesabu. Nilikuwa fundi wa kupima unyevu wa udongo katika mashamba ya miwa upande wa Kibos. Nilibeba sanduku zito lenye amerisiamu na beriliamu, mchanganyiko unaotoa nyutroni, nikiteremsha kipimo ndani ya bomba la alumini lililozikwa shambani. Nyutroni hutoka mbio, zikigonga hidrojeni iliyo katika maji zinapungua kasi, na hizo za polepole ndizo mrija wa gesi huzinasa. Udongo ukiwa na maji mengi, hesabu inapanda. Akina mama wa palizi waliniita Baba Bomu na hawakukubali kula karibu nami. Walikuwa na akili.

Mrija wetu ulikuwa wa heliamu-3, aina adimu ya gesi ya heliamu. Ulipoharibika, mwaka wa 2010, muuzaji alitwambia bei imepanda mara kadhaa na foleni ni ndefu. Ndipo nikajua gesi hiyo inatoka wapi. Hupatikana tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, ya silaha za nyuklia inapochakaa, na nusu ya tritiamu huisha kila baada ya miaka 12 hivi. Marekani ilisimamisha kutengeneza tritiamu ya silaha mwaka wa 1988. Kisha baada ya Septemba 2001 ikaanza kuweka bandarini na mipakani milango ya kukagua nyuklia ya magendo, mingi ikitumia gesi hiyohiyo. Akiba ikakauka. Miwa ya Kibos ikawa inangojea mabomu ya watu wengine!

Mtu akificha plutoniamu, madini ya kutengenezea mabomu ya nyuklia, ndani ya kasha la metali ya risasi, mionzi ya gama inazuiwa, lakini nyutroni zinapenya. Hata fueli iliyotumika kinuni huendelea kuzitoa, kwa hiyo mkaguzi wa taka na askari wa mpakani Malaba wanahitaji chombo cha aina moja.

Mbadala wa heliamu-3 upo. Boroni-10, ambayo ni kama moja ya tano ya boroni yote ya asili, hupakwa ndani ya mrija. Lithiamu-6 huchanganywa na kioo kinachotoa mmweko wa mwanga nyutroni ikiingia. Gesi ya boroni na florini ni ya zamani na inafanya kazi, ila ni sumu. Sitaki kuiona kwenye lori. Mrija uliopakwa boroni hunasa nyutroni chache kuliko wa heliamu-3, kwa hiyo itabidi mirija iwe mingi. Sawa, iwe mingi.

Ombi langu: wanafizikia wa Maseno na wa chuo kikuu cha Bondo wapewe fedha sasa watengeneze mirija ya boroni, wasisubiri kinu kijengwe ndipo tuagize ng'ambo. Wajaribu kwanza kwenye udongo wa miwa. Mabomba yangu ya alumini yalishachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini mashimo bado nayakumbuka, nitawaonyesha.

Fundi mstaafu,
Kibos, Kisumu